Kamera Haikuwa Peke Yake

Mwaka 1658 William Dugdale alichapisha historia ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Ulikuwa wakati mbaya kwa kanisa hilo. Mnara wake mrefu ulikuwa umepotea tangu radi ya 1561, mfalme alikuwa ameuawa, maaskofu wamefutwa, na ukumbi wa waumini umegeuzwa zizi la farasi wa jeshi. Dugdale aliuona msiba huo ukija. Tangu 1641, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikinukia, alizunguka makanisa ya Uingereza akinakili makaburi na maandishi yake kabla hayajavunjwa. Kwa kitabu cha Mtakatifu Paulo alimtafuta Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague aliyefika Uingereza 1636 katika msafara wa Lodi wa Arundel, naye akamchongea kanisa kwenye mabamba ya shaba: kuta za nje, ukumbi, eneo la kwaya, makaburi, ramani ya sakafu. Miaka minane baadaye, Septemba 1666, moto uliteketeza jiji na kanisa lake. Anayetaka leo kujua ndani ya jengo lile palikuwaje, kwa sehemu kubwa anaona alichokiona Hollar.

Ufundi huo wa kuchonga majengo ya ibada kwenye bamba na kuyachapa kwa wino ulikuwa kazi ya kawaida katika miji ya Ulaya kwa karne kadhaa, kisha ukaondoka. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa maneno mawili: kamera ilikuja. Jibu hilo si uongo, ila tarehe zinalikataa. Kamera ilipoanza kupiga makanisa, ufundi ulikuwa umekwisha kukatwakatwa na wenyewe. Baada ya kamera kuja uliishi miongo mingi zaidi, na pigo la mwisho lilitoka sokoni.

Tuanze na malipo. Dugdale hakuwa na fedha za mabamba yote, akawaendea wenye nafasi, kila mmoja agharimie bamba lake. Ndiyo maana kwenye chapa za Hollar utakuta nembo ya ukoo na maneno ya Kilatini yanayomtaja mfadhili. Mtu aliyechukizwa na utawala mpya aliweza kuonyesha msimamo wake kwa kulipia picha ya kaburi la askofu. Hollar mwenyewe hakutajirika. Husimuliwa kwamba alilipwa peni nne kwa saa, saa ya mchanga ikiwa mezani, na kwamba akija mtu wa kupiga naye soga aliilaza ubavu ili mteja asilipie maneno. Alikufa 1677 akiwa maskini. Kisa cha saa ya mchanga nakiamini nusu, lakini kazi yenyewe ilipimwa kwa muda, na muda wake ulikuwa mwingi.

Muda huo ulikwenda wapi? Bamba la shaba lilisuguliwa hadi uso wa fundi ukajiona ndani yake. Likapakwa utando mwembamba wa nta, utando ukafukizwa moshi wa mshumaa hadi ukawa mweusi. Mchoro ulihamishiwa juu yake ukiwa umegeuzwa, kushoto kuwa kulia, maana karatasi itakapobanwa kwenye bamba itageuza kila kitu tena. Sindano ilipita kwenye nta ikiifunua shaba, kisha tindikali ikamwagwa ile pale palipofunuliwa. Mistari iliyotakiwa kuwa hafifu ilizibwa mapema kwa vanishi, na ile ya kivuli kizito iliachwa iliwe mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo ilishika zamu burini, patasi nyembamba ya chuma cha pua iliyokatwa mshazari kwenye ncha, inayosukumwa kwa kiganja huku mkono wa pili ukilizungusha bamba juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Burini haikwaruzi, inang'oa uzi wa shaba na kuacha mfereji safi. Ukikosea, unakwangua, unasugua, unaligonga bamba kwa nyuma hadi pale palipobonyea painuke, halafu unachonga upya.

Kuchapa nako kulikuwa na adabu yake. Wino mzito ulipakwa bamba zima, ukafutwa kwa kitambaa, na mwisho kwa kiganja kitupu, ubaki mferejini tu. Karatasi iliyoloweshwa ililazwa juu yake, ikafunikwa blanketi la sufu, vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mashine. Kila nakala ilianza mwanzo, wino mpya, kufuta upya. Mchapaji mbovu aliweza kuiharibu kazi ya mwaka mzima ya mchongaji kwa asubuhi moja.

Ndani ya kazi hii, kanisa la Kigothi lilikuwa mtihani mgumu kuliko yote. Nyumba ya kawaida ina kuta, na ukuta unafunikika kwa mistari sambamba. Kanisa kuu lina nguzo zilizofungwa kwa mashada ya vijiti vya mawe, matao yanayopishana, dari lenye mbavu zinazokutana kwenye vitovu vilivyochongwa, madirisha yenye kimia cha mawe. Kila mstari lazima ujue uko juu ya uso gani: uliolala, uliopinda, au unaorudi nyuma kivulini. Mchongaji asiyejua ubavu fulani wa dari unateremkia kijiti gani cha nguzo hulazimika kubahatisha, na kubahatisha kunaonekana hata kwa asiyejua kwa nini picha inamkera.

Elimu hiyo ilipatikana kwa kukaa na fundi. William Blake, ambaye dunia inamkumbuka kwa mashairi na maono yake, aliwekwa kwa mchongaji James Basire mwaka 1772, akiwa na miaka 14, ajifunze kwa miaka saba. Basire alikuwa mchongaji wa chama cha wapenda mambo ya kale cha London, na alimtuma kijana huyo Westminster Abbey kuchora makaburi ya wafalme. Blake alishinda humo, akipanda juu ya makaburi ili azione vizuri sura za sanamu zilizolala. Tazama kilichomo katika agizo hilo la bwana kwa mwanafunzi: aliyetarajiwa kuchonga jengo alipaswa kwanza kulishika, kulipanda, kulizoea.

Karakana ya akina Basire, iliyorithiwa kutoka baba hadi mwana, ndiyo iliyochonga michoro ya John Carter ya makanisa makuu ya Exeter, Durham na Gloucester mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Carter alichora kwa hasira. Mbunifu James Wyatt alikuwa akiyafanyia makanisa makuu kadhaa marekebisho ambayo Carter aliyaita uharibifu, na huko Durham ulikuwapo mpango wa kubomoa kanisa dogo la Galilaya lililoko upande wa magharibi. Mpango huo ulizuiwa. Chapa za wakati huo zilikuwa ushahidi katika ugomvi. Zilimwonyesha msomaji aliyekuwa mbali kitu gani kilikuwa karibu kupotea. Roma nako, Giovanni Battista Piranesi alikuwa amekwisha kuchonga ndani ya Basilika ya San Paolo fuori le Mura kabla jengo hilo la kale halijaungua Julai 1823, na moto ulipokwisha Luigi Rossini akachonga magofu yake. Chapa ya kabla na chapa ya baada, kwa mikono miwili tofauti.

Nisiwasifu kupita kiasi. Hollar alirekebisha alipoona panafaa. Piranesi alikuwa bingwa wa kuwapunguza watu hadi wakawa kama mchwa ili ukumbi uonekane umeongezeka, na wasafiri waliofika Roma wakiwa wamezikariri chapa zake walipigwa na butwaa kwa udogo wa vitu. Uongo ulikuwamo. Lakini ulikuwa uongo wa mtu aliyejua ukweli wa jengo ulipo.

Kilele cha Uingereza kilifika na John Britton. Kati ya 1814 na 1835 alitoa mfululizo wa vitabu kuhusu makanisa makuu 14, kuanzia Salisbury, akipitia Norwich, Winchester, York, Canterbury, Wells na mengineyo hadi Worcester. Wachongaji wake wakuu walikuwa ndugu wawili, John na Henry Le Keux. John alikuwa amepitia mikononi mwa Basire. Bamba zuri la Le Keux lina hewa ndani yake: unaona nguzo ya kwanza ikiwa na uzito, ya tano ikianza kuyeyuka kwenye mwanga, na dirisha la mwisho likiwa karatasi tupu iliyoachwa makusudi bila wino. Sijaona ufundi wa kuchapa uliowahi kulitendea dari la mawe haki zaidi ya huo.

Sasa tazama majina chini ya bamba. Kushoto jina la aliyechora, mara nyingi Frederick Mackenzie. Kulia jina la aliyechonga. Mahali pengine jina la mchapaji, na katikati jina la mwenye kitabu. Hollar mara nyingi alikuwa amechora na kuchonga mwenyewe. Kufikia wakati wa Britton jicho lilikuwa limetengwa na mkono: mmoja alisimama kanisani, mwingine aliinama juu ya bamba akiwa na karatasi ya mwenzake. Ndugu Le Keux walijua vya kutosha kuliziba pengo hilo, na waliokuja baada yao wengi hawakujua. Kabla ya hapo, karibu na 1790, Wilson Lowry alikuwa amebuni mashine ya kupiga mistari sambamba, yenye ncha ya almasi, na anga la juu ya minara likaanza kuchongwa kwa gurudumu. Wachapishaji waliipenda. Ilikuwa ya haraka, na kila anga lilikuwa safi sawasawa na lingine.

Pigo lililofuata lilikuwa chuma cha pua. Jacob Perkins, Mmarekani, alikileta Uingereza 1819 akitafuta kandarasi ya noti za benki. Bamba la shaba hutoa nakala bora mamia kadhaa, kisha mistari myembamba huanza kuzama; la chuma cha pua hutoa maelfu. Kwa noti ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Kwa vitabu vya picha ulibadilisha hesabu yote, kwa sababu mchapishaji aliyeweza kuuza maelfu aliweza kushusha bei, na aliyeshusha bei alilazimika kuuza maelfu. Benjamin na Henry Winkles walitoa kitabu chao cha makanisa makuu ya Uingereza kati ya 1836 na 1842 kwa mabamba ya chuma cha pua, kidogo na rahisi kuliko cha Britton, na kilipata wanunuzi wengi. Lakini chuma cha pua hakipendi mfereji wa kina. Kinapenda mstari mwembamba, wa juujuu, na matokeo yake ni kijivu cha fedha kinachotanda kila mahali. Ukizipitia kurasa nyingi mfululizo, Lincoln inaanza kufanana na Lichfield.

Hapo ndipo kamera ilipoingia. Mwaka 1851 tume ya serikali ya Ufaransa inayosimamia majengo ya kihistoria iliwatuma wapiga picha watano, Baldus, Bayard, Le Gray, Le Secq na Mestral, wakazunguke nchi kupiga makanisa na ngome zilizohitaji ukarabati. Walirudi na hasi za kupendeza. Tume ikaziweka kabatini. Haikuzichapisha, na sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi: picha ya kamera haikuweza kuchapwa kwa wino pamoja na maandishi. Kila nakala ilitakiwa kutolewa peke yake kwa dawa na jua, kisha kubandikwa ukurasani kwa mkono. Kwa miaka thelathini hivi baada ya msafara huo, mtu aliyetaka picha ya kanisa ndani ya kitabu au gazeti bado alimhitaji mchongaji. Kazi haikupungua. Pengine iliongezeka, kwani magazeti ya picha yalikuwa yakizaliwa kila mwaka, na jarida la wajenzi la London, The Builder, lilikuwa likichapa makanisa mapya kwa mabamba ya mbao karibu kila toleo.

Mbao hizo zilistahili heshima kuliko zinavyopewa. Orlando Jewitt, aliyefanya kazi Oxford na baadaye London hadi kifo chake 1869, alichonga kwenye mbao ngumu ya mti wa boksi, upande wa kichwa cha mti, vipande vidogo vya vitabu vya mchapishaji John Henry Parker: kichwa cha nguzo, kona ya tao, msalaba wa paa. Picha yenye upana wa vidole viwili ilimwambia fundi mwashi kila alichotaka kujua kuhusu ukingo wa karne ya 13. Jewitt alichora na kuchonga mwenyewe, na alikuwa msomi wa majengo kwa haki yake. Ningekuwa na uwezo wa kuokoa karakana moja tu ya karne ile, ningeiacha ya Winkles ipite na kuichukua ya Jewitt.

Hata waliopenda kamera hawakuona kwamba inatosha. John Ruskin alinunua picha za mapema za kamera huko Venice miaka ya 1840, akazisifu kwa usahihi wake. Miaka michache baadaye, alipotoa kitabu chake cha 1849 kuhusu taa saba za usanifu, aliyachonga mabamba mwenyewe kwa tindikali. Yalitoka machafu, na katika toleo lililofuata yalichongwa upya na mtu mwingine. Huko Ufaransa Viollet-le-Duc alijaza juzuu kumi za kamusi yake ya usanifu, 1854 hadi 1868, kwa picha za mbao ambazo hakuna lenzi ingeweza kuzipiga: tao lililopasuliwa, jiwe moja moja likielea hewani mahali pake, dari likionekana kwa juu na kwa chini kwa pamoja. Kueleza jengo bado kulihitaji mkono.

Kwa hiyo aliyemwondoa mchongaji alikuwa nani? Alikuwa kamera, lakini si ile iliyoelekezwa kanisani. Ni ile iliyoelekezwa kwenye mchoro. Kuanzia miaka ya 1860 na 1870 ilikuja lithografia ya picha na bamba la zinki: mbunifu alichora kwa kalamu na wino mweusi, mchoro ukapigwa picha, picha ikahamishiwa kwenye jiwe au zinki, na mashine ikachapa. Hakuna aliyekaa katikati kuusoma mchoro na kuutafsiri kwa mistari yake. Majarida ya usanifu yalibadilika upesi. Mbunifu alifurahi kuona mkono wake mwenyewe ukurasani, mhariri alifurahi kulipa kidogo. Kisha Georg Meisenbach wa Munich akapata hataza ya picha ya vitone 1882, na picha ya kamera nayo ikaweza kukaa na maandishi kwenye ukurasa mmoja. Kufikia mwisho wa karne, karakana za wachonga mbao zilikuwa zinafungwa. Mfumo uliokuwa umemtenga mchoraji na mchongaji kwa ajili ya kasi ulimrahisishia mhariri kumtoa mmoja wao. Kama wangebaki mtu mmoja, kama Hollar au Jewitt, isingekuwa rahisi hivyo.

Waliobaki walihamia upande wa sanaa, na huko chapa ya kanisa ilipata maisha ya pili yenye fahari na homa. Charles Meryon, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Ufaransa, alikuwa na upofu wa rangi na hivyo akaacha rangi kabisa. Bamba lake la 1854 la upande wa nyuma wa Notre-Dame, ukionekana kutoka ng'ambo ya mto Seine, ni miongoni mwa chapa bora za kanisa zilizowahi kufanywa. Aliuza kwa bei ya kutupa na akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton 1868. Baada ya kifo chake bei zikapanda. Axel Haig, Mswidi kutoka kisiwa cha Gotland aliyeanza kwa kujifunza kuunda meli, alihamia Uingereza, akamchorea mbunifu William Burges, kisha akachonga kwa tindikali makanisa makubwa ya Ufaransa na Hispania kwenye mabamba ya kutundikwa sebuleni.

Sebuleni ndilo neno lenyewe. Chapa ilitoka kitabuni ikaenda ukutani, na masharti yake yakabadilika. Msanii alianza kutia sahihi kwa penseli. Idadi ya nakala ilipunguzwa makusudi, na bamba likapigwa mkwaruzo wa msalaba baada ya nakala ya mwisho ili lisichapwe tena. Kilichokuwa njia ya kumfikishia mtu wa mbali sura ya jengo kikawa njia ya kuhakikisha watu wachache tu wanayo. Miaka ya 1920 wanunuzi wa Uingereza na Marekani walizigombea chapa za tindikali kama hisa. Zilinunuliwa siku ya kutoka na kuuzwa mnadani kwa bei ya mara kadhaa, na walionunua hawakuwa lazima wamewahi kukanyaga kanisa lililochorwa.

Wafanyakazi wa kweli walikuwamo katika kelele hiyo. F. L. Griggs, katika mji mdogo wa Chipping Campden, alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kuchapia, na alichonga makanisa na abasia ambazo hazikuwahi kuwapo, Uingereza ya kabla ya Henry VIII kama alivyoitamani. Ufundi ulioanza kwa kurekodi makanisa yaliyokuwa hatarini ukawa unayabuni. John Taylor Arms, aliyesomea usanifu majengo na kuufanya New York, alielekea upande wa pili kabisa, usahihi usiokoma. Alitumia sindano za cherehani na kioo cha kukuza, akaichonga Rouen mwaka 1927 na Chartres mwaka 1939 hadi kila sanamu ya mlangoni ikawa na uso. Wapo wanaosema Arms alishindana na kamera na kushindwa kwa kuwa alikubali kanuni zake. Sikubaliani nao kabisa. Tazama vivuli vyake: ndani ya giza la mlango bado unaweza kuhesabu mapindo ya mawe, jambo ambalo filamu ya wakati ule ingelimeza.

Lakini soko halikuangalia vivuli. Oktoba 1929 hisa za New York zilianguka, na chapa zikaanguka nazo, kwa sababu zilikuwa zimeshikwa na watu walewale kwa nia ileile. Griggs alikufa 1938 akiwa na mzigo wa gharama za nyumba aliyoijenga miaka ya neema. Arms aliendelea hadi 1953, akifundisha, akiongoza chama cha wachongaji wenzake, akichonga kwa imani ya mtu ambaye hahitaji tena mnunuzi. Kizazi kilichofuata kilikuta kwamba vyuo vya sanaa vinaidharau kazi yenyewe, na kanisa la Kigothi likawa alama ya mtu aliyepitwa na wakati. Tuzo ya Roma ya Ufaransa, ambayo tangu 1804 ilikuwa imewalea wachongaji kwa kuwalipia miaka ya kukaa Roma, ilifutwa 1968.

Kona moja ilibaki, tena ndogo kuliko zote: stempu. Serikali zilihitaji chapa ngumu kughushi, na burini ilitoa hiyo. Ufaransa ilitoa stempu tano za makanisa makuu mwaka 1944, zikiwamo za Chartres, Amiens na Beauvais, na Albert Decaris, mshindi wa Tuzo ya Roma ya 1919, alichonga majengo kwenye stempu kwa miongo mingi. Sisi wa pwani tumeushika ufundi huo mikononi bila kuuita jina. Stempu za Zanzibar za 1957 zilikuwa na msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, umechapwa kwa bamba la kuchonga. Pitisha ncha ya kidole juu ya stempu ya namna hiyo utauhisi wino ulivyoinuka. Stempu nyingi nazo sasa zinachapwa kwa njia nyepesi, na barua zenyewe zimepungua.

Hata warithi wa mchongaji hawakudumu. Frederick H. Evans, aliyepiga picha za makanisa makuu ya Uingereza kwa uvumilivu wa mtu wa kale, na ambaye picha yake ya 1903 ya ngazi za Wells inajulikana duniani kote, alichapa kwa karatasi ya platinamu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza platinamu ikapanda bei hadi haikushikika, naye akaacha.

Mabamba mengi ya zamani yapo salama. Ya Piranesi yamehifadhiwa Roma katika taasisi ya serikali ya sanaa za kuchapa, na Louvre ina hazina yake ya mabamba tangu 1797. Mashine zipo, tindikali ipo, na watu wanaojua kushika burini hawajaisha. Kilichokwisha ni agizo. Hakuna mkuu wa kanisa, wala serikali, wala mchapishaji anayemlipa mtu akae miezi mbele ya jengo moja na kutoka na kitu ambacho watu wa kawaida watakinunua na kukisoma.

Notre-Dame ya Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, ilibainika kwamba vipimo vyake vilikuwapo. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, alikuwa amelipima jengo kwa leza mwaka 2010, nukta zaidi ya bilioni moja. Na mwaka 2014 wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamepanda darini wakaipima na kuichora mbao kwa mbao ile fremu ya mwaloni ya Zama za Kati, iliyoteketea yote usiku ule. Maseremala waliochonga magogo mapya kwa shoka waliifuata michoro hiyo, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kazi ya kulijua jengo kwa mkono, basi, haijafa. Imehamia kwenye makabati ya wataalamu. Kabla ya moto, michoro ya dari lile haikuwa kitu cha kutundika nyumbani kwa fundi viatu au kwa padri wa kijijini, wala hakuna aliyefikiria kwamba inapaswa kuwa.